Kwa Nini Nilimwambia "Nenda Polisi", na Kwa Nini Nilikosea

Leo nilikuwa nimepanga kuandika mambo mengine kabisa, ila kuna kijana kanitumia ujumbe mrefu kuhusu habari hizi za rushwa ya ngono vyuoni. Anauliza hivi, nafupisha: kama binti kabakwa, au mhadhiri kamtaka kwa nguvu, si polisi wapo? Si mahakama zipo? Sasa hizi sera za vyuo ni za nini, na hawa wafeministi wanataka nini tena kama si kufukuzisha watu kazi kwa maneno ya vijiweni?

Swali zuri, na halina matusi, jambo ambalo siku hizi ni la kushukuru. Nimeona nijibu kirefu kwa sababu mie mwenyewe niliwahi kuamini hivyo hivyo, na imani yangu ilimgharimu mtu.

Mwaka 2008 nilikuwa CR wa darasa letu. Kwa wale ambao hawajapita huko, CR ni yule mwanafunzi anayebeba projekta, anakusanya karatasi, anatoa vivuli vya nondo na kupeleka salamu za mhadhiri kwa wenzake. Kazi haina mshahara lakini ina heshima yake, bwana. Mhadhiri mmoja alikuwa ananituma sana. "Mwambie fulani apite ofisini, testi yake ina tatizo." "Mwambie fulani karatasi yake siioni, aje jioni saa kumi na moja." Nami napeleka. Kwa mihula miwili nilipeleka ujumbe wa namna hiyo kwa wasichana watatu, na sikumbuki hata mara moja kujiuliza kwa nini karatasi za wavulana hazipotei.

Siku moja mmoja wao akanifuata kwenye kimbweta, akakaa, akaniambia: "CR, usiniite tena kwa huyo mtu." Akanieleza. Hakuguswa. Mlango ulifungwa, akaonyeshwa daftari, akaambiwa ana 14 kwenye 40, halafu akaambiwa kwamba watu wazima wanaweza kusaidiana. Mie, kwa kujiamini kote kwa kijana wa mwaka wa pili, nikamjibu: nenda polisi. Akaniangalia, akacheka kidogo, akaondoka. Somo lile alipata sapu, akarudia akafeli, mwaka uliofuata hakuonekana. Chuo sikitaji, na jina lake ndiyo kabisa.

Nimekuja kuelewa baadaye sana kwa nini alicheka. Hebu tuchukue ushauri wangu tuufuate hatua kwa hatua.

Kafika kituoni. Aseme nini? Kubakwa hakubakwa. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ile watu wanayoiita SOSPA, iliweka adhabu nzito kwa ubakaji, kifungo kisichopungua miaka 30, lakini hilo si kosa lake huyu. Sheria hiyo hiyo iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la unyanyasaji wa kijinsia, ambalo linagusa pia maneno ya kumtaka mtu kimapenzi yanayotoka kwa mwenye mamlaka, kazini au mahali pengine. Hapo angeweza kuingia. Adhabu yake ilivyopitishwa: kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Ila iliwekewa na sharti moja ambalo wengi hawalijui: ukilalamika baada ya siku 60 tangu tukio, hakuna kesi. Siku 60! Testi inafanyika katikati ya muhula, matokeo yanabandikwa baada ya muhula kwisha, sapu inafanywa wakati wa likizo. Binti anayesubiri aone kama atafelishwa kweli au ilikuwa vitisho tu, mpaka aje kujua, siku zimeshapita.

Basi aende TAKUKURU. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamsema mhadhiri yule karibu neno kwa neno: mtu mwenye madaraka anayetumia madaraka yake kudai ngono kama sharti la kumpa mtu ajira, cheo, haki au upendeleo. Faini isiyozidi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Safi kabisa. Wakati ule sheria ilikuwa na mwaka mmoja tu na mie sikuwa hata nimeisikia. Lakini kesi ya jinai inathibitishwa bila kuacha shaka, na hapa kuna watu wawili ndani ya ofisi iliyofungwa. Ndiyo maana baadhi ya kesi tulizozisoma magazetini zilikwenda kwa mtego: binti anajifanya kakubali, wanapanga nyumba ya wageni, maofisa wanaingia. Fikiria unamwambia mdogo wako wa miaka 20 kwamba haki yake inapatikana akikubali kwanza kuingia chumbani na huyo mtu, aombe Mungu maofisa wasichelewe kwenye foleni.

Na hata mtego ukifanikiwa, jamaa akafungwa, ile 14 kwenye 40 inabaki 14. Hakimu hasahihishi testi. Polisi hawana uwezo wa kusema karatasi hii ipewe mwalimu mwingine, wala kumhamisha mtu hosteli. Hapa ndipo nilipokosea. Nilidhani swali ni nani aadhibiwe, wakati yeye alikuwa anauliza atasomaje.

Kumbe kuna watu walikuwa wameshaligundua hili zamani, na wengi wao ni hao hao wafeministi anaowalaumu kijana wetu.

Tuanzie hapa nyumbani. Waliosoma Mlimani miaka ya 1970 na 1980 wanamkumbuka Mzee Punch. Hakuwa mtu, lilikuwa genge la wanafunzi wasiojulikana, waliokuwa wakibandika michoro na maandishi ukutani. Wazee wanasema ilianza kama kejeli za kisiasa, kuwachapa wakubwa. Baadaye ikageuka kuwa fimbo ya kuwanyoosha wanawake. Msichana akimkataa jamaa fulani, au akionekana anajidai, anachorwa. Michoro ya aibu, matusi, siri za kweli na za uongo. Na aliyechorwa alikuwa anatengwa, hasalimiwi, anayeongea naye naye anaweza kuchorwa. Watu walicheka. Ilionekana utani wa chuo, mila ya Mlimani.

Februari 1990 msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuwa akiandamwa na kundi hilo baada ya kumkataa mwanaume alijiua. Jina lake liko kwenye vitabu na magazeti ya wakati ule, mtu akitaka atalipata, mie naona familia yake imesomwa vya kutosha. Waliokataa jambo hili lipite kama ajali walikuwa wanawake: walimu wanawake wa pale chuoni, na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake, TAMWA, ambacho kilikuwa kimeanzishwa 1987 tu. Wakaandika, wakapiga kelele, wakauliza uongozi ulikuwa wapi miaka yote ile kuta zikichafuliwa. Chuo kikampiga marufuku Mzee Punch. TAMWA na vyama vingine wakaendelea kusukuma miaka ya 1990 yote mpaka ile sheria ya 1998 ikapatikana. Kwa hiyo ukisikia SOSPA, ujue ina damu ya Mlimani ndani yake.

Angalia sasa aina ya kosa. Kuchora picha ukutani, kumtenga mtu. Ungempeleka nani polisi? Kwa kosa gani? Kila mmoja alifanya kidogo. Aliyechora hajulikani, aliyecheka hajavunja sheria, warden aliyepita pale asubuhi bila kubandua naye hajavunja sheria. Ila aliyekuwa na mamlaka juu ya kuta zile, vitanda vile na usajili wa wale wanafunzi alikuwa chuo. Hoja ya wafeministi, ukiitoa kwenye maneno magumu ya kitaaluma, ni hii tu: mahali kama chuo pakikupa kitanda, chakula, alama na cheti, pana madaraka juu yako kuliko polisi, na penye madaraka pawe na wajibu.

Wenzetu Marekani waliifikia hoja hiyo hiyo kwa njia nyingine, na kisa chao nakipenda kwa sababu kinaanzia kwenye neno. Mwaka 1974 mama mmoja mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Carmita Wood, aliacha kazi kwenye maabara ya fizikia kwa sababu mkubwa mmoja alikuwa akimshikashika. Akaenda kuomba fedha za watu waliopoteza ajira. Akaulizwa kwa nini umeacha kazi? Hakuwa na neno la kuandika. Ikaandikwa sababu binafsi, akanyimwa. Mwaka 1975 akakutana na wanawake wengine pale chuoni, na kila mmoja akawa na kisa kama chake. Wakakaa kutafuta jina la kitu hiki, ndipo likazaliwa lile neno la Kiingereza ambalo sisi tunalitafsiri unyanyasaji wa kijinsia. Kabla ya hapo kilikuwa kitu kinachotokea, hakina jina, na kisicho na jina hakina fomu ya kujaza.

Miaka 2 baadaye, 1977, wanafunzi wa Yale wakakishitaki chuo chao. Hawakumshitaki profesa, walikishitaki chuo, kwa kukosa utaratibu wa kupokea malalamiko. Walitumia sheria ya 1972 inayoitwa Title IX, inayokataza ubaguzi wa jinsia kwenye elimu inayopata fedha za serikali kuu. Nyuma yao alikuwepo msomi kijana wa sheria, Catharine MacKinnon, ambaye baadaye akawa maarufu sana. Mmoja wa wanafunzi alisema profesa alimwahidi A kama angekubali, akakataa, akapewa C. Na hapa tuwe wakweli: alishindwa. Jaji aliona hakuthibitisha. Rufaa nayo ikatupwa 1980. Lakini mahakama ilikuwa imeshakubali hoja yenyewe, kwamba kumtaka mwanafunzi kwa kubadilishana na alama kunaweza kuwa ubaguzi katika elimu, na Yale wakaweka utaratibu wa malalamiko. Vyuo vingine vingi vikafuata. Kushindwa kesi na kushinda jambo, ndiyo hiyo.

Afrika Mashariki tulichelewa, ila hatukulala. Makerere walitoa sera na kanuni zao dhidi ya unyanyasaji huo mwaka 2006, na Mlimani nao mwaka huo huo wakawa na sera ya jinsia. Ndiyo, 2006. Miaka 2 kabla ya mie kukaa kwenye kile kimbweta na kusema nenda polisi. Kama chuo chetu nacho kilikuwa na karatasi ya aina hiyo, mie CR sikuwahi kuiona wala kusikia mtu akiitaja.

Nirudi kwenye daftari la mhadhiri, maana hapa ndipo kitu kinapofanyika na wanaharakati wenyewe mara nyingi wanapapita haraka. Vyuo vyetu vingi alama 40 ni za muhula: testi, kazi za nyumbani, semina. Alama 60 ni za mtihani wa mwisho. Ule wa mwisho mara nyingi unaandika namba badala ya jina, na kuna mtahini kutoka nje anayepitia sampuli. Si kamili, lakini kuna macho mengi. Zile 40 zina macho mawili tu. Zinakaa kwenye daftari au kompyuta ya mtu mmoja, zenye majina, na mara nyingine hazibandikwi mpaka siku chache kabla ya mtihani. Mwanafunzi hana karatasi yake mkononi, hajui kapata ngapi, na anayejua ni yule anayemwita ofisini jioni. Karatasi kupotea ndiyo silaha yenyewe. Yule binti na ile 14 yake, mpaka leo sijui kama ilikuwa 14.

Kwa hiyo mie nikisoma sera ya chuo chochote, kurasa za utangulizi zenye utu na heshima na usawa naziruka. Natafuta mambo madogo. Testi zinarudishwa kwa wanafunzi ndani ya siku ngapi? Mwanafunzi anaweza kuomba karatasi yake isahihishwe na mtu mwingine bila kupitia kwa mkuu wa idara ambaye ni rafiki wa mtuhumiwa? Malalamiko yanapokelewa na nani, na kama anayelalamikiwa ni huyo huyo mpokeaji? Wakati uchunguzi unaendelea nani anahama, aliyelalamika au aliyelalamikiwa? Hili la mwisho ni kubwa sana kwenye hosteli, maana tusijidanganye kwamba wabaya ni wahadhiri peke yao. Mwanafunzi kwa mwanafunzi kupo sana, kwenye sherehe za kuwakaribisha wageni, kwenye geto la mtaani, na aliyeumizwa anajikuta anapanga foleni moja ya chakula na aliyemuumiza kila siku. Akienda polisi atapewa PF3 aende hospitali, na ni lazima aende, tena mapema, usimwambie mtu asubiri kikao cha chuo wakati ushahidi na dawa vina saa zake. Lakini kesi ikichukua miaka 2, hiyo foleni ya chakula ni ya kesho.

Vyote viwili, basi. Sera ya chuo haifuti polisi. Atakayekwambia tulimalize hapa hapa chuoni jambo la ubakaji, huyo anaficha kitu.

Sasa niguse upande ambao najua wengi mnausubiri: na mwanaume aliyesingiziwa je?

Sidharau swali hili, na nitawaambia kitu, wafeministi wenyewe wamegombana juu yake mpaka kutoleana barua. Mwaka 2011 serikali ya Obama iliandikia vyuo barua ikivitaka vitumie kipimo cha uzito wa ushahidi, yaani upande upi unaaminika zaidi, hata kwa kuzidi kidogo tu, kama ilivyo kwenye kesi za madai. Si kile cha jinai cha kutoacha shaka. Hoja ilikuwa kwamba chuo hakifungi mtu jela, kinaamua tu kama huyu aendelee kusoma hapa. Oktoba 2014 maprofesa 28 wa sheria wa Harvard wakaandika kupinga utaratibu mpya wa chuo chao, kwamba mtuhumiwa hapewi nafasi ya kutosha kujitetea. Na miongoni mwao walikuwepo wanawake wenye jina katika ufeministi, kama Janet Halley, na jaji mstaafu Nancy Gertner. Hao si watu wa kusemwa wanatetea wabakaji. Walikuwa wanasema adhabu inayoharibu maisha ya mtu isitolewe kwenye chumba ambacho mtu mmoja ndiye mpelelezi, mwendesha mashitaka na hakimu.

Kilichofuata ni kama kabumbu. Serikali ya Trump ikafuta ile barua 2017, ikaja na kanuni mpya 2020 zinazotaka kikao cha moja kwa moja na maswali ya kudodosa. Biden akaleta zake 2024. Januari 2025 mahakama ya Kentucky ikazifuta zote nchi nzima, wakarudi kwenye zile za 2020. Binti aliyeingia chuo 2021 na kumaliza 2025 anaweza kuwa alipita chini ya kanuni za aina mbili, kisha akarudishwa kwenye zile za kwanza, kabla hajavaa joho. Funzo ninalolichukua mie si kwamba Obama au Trump yuko sahihi. Ni kwamba kikao cha haki kwa mlalamikaji na kikao cha haki kwa mtuhumiwa vinahitaji vitu vile vile: maandishi, muda uliopangwa, watu ambao hawana udugu na kesi, nafasi ya kila mmoja kusikia alichosema mwenzake, na rufaa. Mhadhiri asiye na hatia ananufaika na sera nzuri kuliko mtu yeyote. Bila sera anabaki na fununu, na fununu haina rufaa.

Halafu, kwetu sisi tatizo la uonevu kwa watuhumiwa ni la kusoma kwenye makala. Tuliyoyaona kwa macho ni kinyume chake. Novemba 2018 Rais Magufuli alikwenda Mlimani kuzindua maktaba. Mhadhiri mmoja, Dk. Vicensia Shule, akaandika Twitter kwamba rushwa ya ngono pale imekithiri na alitamani kumpokea Rais kwa bango la kumweleza hivyo ila alizuiwa. Yaliyofuata? Wa kwanza kuitwa mbele ya kamati ya maadili ya chuo alikuwa yeye. Ni mtu mwenye shahada ya uzamivu, mwenye ajira, anayejulikana. Sasa mfikirie denti wa mwaka wa kwanza kutoka Nachingwea ambaye boom halijatoka. Baadaye TAKUKURU wenyewe walifanya utafiti wa jambo hilo UDSM na UDOM, kwa hiyo hakuwa anaota.

Nigeria walifika mbali zaidi kwa kutumia simu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo alimrekodi profesa wake akimtaka, sauti ikasambaa, profesa akafukuzwa Juni 2018 na Desemba akafungwa miaka 2. Mwaka uliofuata, Oktoba 2019, BBC wakatoa filamu yao ya kamera za siri kuhusu wahadhiri wa Lagos na Ghana. Watu walishangilia, nami nilishangilia. Ila nikakumbuka mtego wa nyumba ya wageni. Ni kitu kile kile: mpaka msichana awe mpelelezi, ajiingize kwenye hatari, apate ushahidi ambao hakuna anayeweza kuukana, ndipo aaminiwe. Hatuwezi kuwadai mabinti wote wawe makachero.

Kuna jambo moja la lugha nalo linanikera, niliseme. Sisi tumeliita rushwa ya ngono, na jina hilo limesaidia, maana kila Mtanzania anajua rushwa ni kosa. Lakini limekuja na mzigo. Kwenye rushwa ya fedha tumezoea kusema mtoaji na mpokeaji wote wana makosa. Basi utasikia mtu anasema, naye binti ashitakiwe, si katoa? Katoa nini? Mwenye 26 halali akaandikiwa 14 hanunui alama, anakomboa zilizo zake. Mtekaji na anayelipa kikombozi hatuwaweki kizimba kimoja. Najua wapo wanaopenda mteremko, wanaojipeleka wenyewe, siwatetei. Ila hata hapo mwenye kalamu nyekundu ni mmoja tu, na ndiye anayelipwa mshahara ili aseme hapana.

Mwisho nijibu lile la vijiweni. Miaka hii ya karibuni serikali imeagiza vyuo na taasisi za elimu ya juu zifungue madawati ya jinsia, na mengi yamefunguliwa, na picha za kukata utepe zipo. Mwezi uliopita nilipita chuo kimoja kwa shughuli zangu nikaona niulize dawati liko wapi. Mlinzi hakujua. Wanafunzi wanne nao hawakujua, wa tano akanielekeza jengo la utawala, ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na ofisi ya wahadhiri wa idara fulani. Mlango umeandikwa vizuri kabisa, herufi kubwa, yeyote anayepita koridoni anaona nani anaingia na nani anatoka. Dada aliyekuwa ndani alinipokea vizuri sana. Nikamuuliza muhula huu amepokea watu wangapi. Akasema wawili, na mmoja wao alikuwa amepotea njia, anatafuta ofisi ya mikopo.

Nilimwomba sera ya chuo. Akatafuta kwenye kabati, akanipa nakala, ya Kiingereza, kurasa nyingi. Nikapekua mpaka nikapata kipengele cha karatasi kusahihishwa na mtu mwingine. Kipo! Kimeandikwa vizuri, kina siku zake, na maombi yanapelekwa moja kwa moja kwa Mshauri wa Wanafunzi bila kupitia idara. Nilimwuliza kama kuna aliyewahi kukitumia. Hakujua kama kipo.

Basi nina ombi kwa mnaosoma sasa hivi mkiwa vyuoni. Kabla dakika zako hapo kafe hazijaisha, andika hapo chini: dawati la chuo chako liko jengo gani, mlango unatazamana na nini, na testi zenu zinarudishwa baada ya wiki ngapi. Majina ya watu usiweke, ukiweka nitayafuta. Nyie CR mnaotumwa na salamu za jioni, nanyi andikeni.